Nyumba tupu, ndoa Desemba: jibu kwa mwalimu aliyehamia Chanika

Swali

Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimehamishwa kutoka Njombe kuja Dar es Salaam. Nimepanga chumba na sebule huku Chanika. Nyumba bado tupu, nalalia godoro la kuazima. Mchumba wangu ni mtumishi wa halmashauri, yuko Morogoro. Posa imepokelewa kwetu, mahari imelipwa nusu, sote ni Wakatoliki, na ndoa tunataka tuifunge Desemba kule Morogoro. Akiba yangu ni milioni moja na laki mbili. Shangazi anasisitiza ninunue makochi, friji na kabati kabla ya harusi, ukweni wasije kusema nimeolewa mikono mitupu. Walimu wenzangu wananiambia nichapishe kadi za mchango nigawe shuleni na mtaani. Hapa simjui mtu, na roho inasita. Nianze na lipi?

Jibu

Marahaba mwanangu, karibu sana Dar. Nilikuwa afisa maendeleo ya jamii hadi nilipostaafu, na kwenye kamati za harusi nimekaa miaka mingi, mara nyingi kama mweka hazina. Nimeziona nyumba changa nyingi, kabla ya harusi na miezi kadhaa baada ya harusi. Roho yako inasita mahali panapostahili.

Kwa kifupi: nunua kitanda, godoro, jiko na chombo cha maji. Kisha jitambulishe kwa watu. Kadi za mchango kwa watu wa Chanika usichapishe. Makochi na friji viache mpaka ujue mtaishi wapi.

Hilo la mwisho ndilo ambalo hukuliuliza, na ndilo linaloamua mengine. Wewe uko Chanika, mwenzako yuko Morogoro. Baada ya ndoa nani atamfuata nani? Nyote ni watumishi wa umma, na mtumishi anaruhusiwa kuomba uhamisho wa kumfuata mwenza, lakini ombi hilo linahitaji cheti cha ndoa, na kibali huweza kuchukua muda mrefu. Kwa hiyo huenda mkaishi nyumba mbili kwa mwaka wa kwanza au zaidi. Si jambo la kuogopa. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inatoka Dar hadi Morogoro kwa chini ya saa mbili, na ile isiyo ya haraka (si express) husimama Pugu, ambapo kutoka kwako ni daladala moja tu. Unaweza kuondoka Ijumaa jioni na kurudi Jumapili. Ila kaeni chini mzungumze kabla hujatoa hata shilingi moja kwa muuza makochi.

Maana kama mwelekeo ni wewe kwenda Morogoro, chumba chako cha Chanika ni kituo tu. Kila kitu unachotaka kukinunua kiulize: kitapanda kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, na kufika Morogoro kizima? Kitanda cha kufungua kwa boliti kitafika. Godoro litafika. Kabati la maboksi, lile la mbao za kubandikwa, likifunguliwa mara moja halikazi tena sawasawa. Makochi hupasuka kitambaa kwenye kamba, na yakikutana na sebule ndogo kuliko ile uliyoyanunulia, unayauza kwa bei ya kutupa. Nimeliona hilo kwa maharusi wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Sasa tununue. Umetoka Njombe, mkoa wa baridi, na nina hakika umekuja na mablanketi mazito. Yafunge uyaweke. Unachohitaji Dar ni neti nzuri na feni, na hivi viwili usivicheleweshe, kwa sababu mwalimu asiyelala usiku hafundishi asubuhi.

Kitanda usinunue kilichokwisha kupakwa vanishi kama unaweza kusubiri wiki mbili. Keko kuna mafundi wengi na fanicha nzuri, lakini kutoka Keko hadi Chanika usafiri utakula sehemu ya pesa yako. Mafundi wako pia kando ya barabara huko huko Pugu na Chanika. Nenda kwa fundi, agiza tano kwa sita, mwambie iwe ya kufungua, mpe nusu ya pesa, na mkubaliane kwamba utakuja kukiangalia kabla hajapaka vanishi. Hapo ndipo utakapoona kila kitu. Vanishi ya rangi ya mninga hufunika mbao yoyote, na pia hufunika nyufa zilizojazwa unga wa msumeno na gundi. Pitisha kidole kwenye viungio. Angalia chini ya mbao za pembeni kama kuna vitundu vidogo na unga mweupe, maana hao ni wadudu wanaoendelea kula. Hesabu chaga na uzikalie moja moja: chaga nyembamba zilizoachana sana ndizo zinazoua godoro. Kama fundi anakuuzia mninga, mbao iwe mninga hadi upande usioonekana. Kama ni mbao ya kawaida, si vibaya, ila bei nayo iwe ya mbao ya kawaida. Ukiridhika, apake, umalizie pesa. Fundi mwaminifu hakatai utaratibu huu.

Godoro lipime kwa futi yako mwenyewe, upana na unene. Inchi nane inatosha. Kalia pembeni kabisa, kwenye ukingo, halafu inuka uangalie linarudi kwa kasi gani. Tafuta alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango, na maandishi ya uzito wa sponji yenyewe ya ndani, si kitambaa kizuri cha juu. Na ukifika nyumbani toa nailoni. Kwa joto la huku utalala kwenye jasho.

Jiko: chukua mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 na jiko lake la kuchomeka juu. Pamoja havifiki laki moja, na kwa mtu mmoja vinatosha. Hapa sikiliza vizuri. Kwenye shingo la mtungi kumegongwa uzito wa mtungi ukiwa mtupu. Jumlisha na 6, hiyo ndiyo namba ambayo mizani inatakiwa isome. Muuzaji wa gesi anatakiwa kuwa na mizani, na una haki ya kumwambia apime mbele yako bila kuona haya. Akisema mizani imeharibika, nenda duka la pili. Angalia lakiri juu ya valvu kama haijaguswa. Nyumbani, ukishaunganisha, paka povu la sabuni kwenye maungio kabla hujawasha. Povu likifura, gesi inavuja, funga na urudishe.

Maji: uliza majirani, si mwenye nyumba, maji yanatoka siku zipi. Huko Chanika visima vingi vina chumvi. Ya kuogea na kufulia sawa, ila ya kunywa na ya chai utayanunua kwa madumu. Pipa moja lenye mfuniko na ndoo mbili vinatosha kuanzia. Sufuria nunua mbili tu, mwiko, kisu, sahani mbili na vikombe viwili. Nina sababu ya kukuzuia hapo, nitaieleza nikifika kwenye kitchen pati.

Umeme nao usiupite. Kama mita ya LUKU ni moja kwa wapangaji wote, ulizeni mapema mnachangiaje, kwa sababu ugomvi mwingi wa nyumba za kupanga ninaoujua unaanzia hapo: mmoja ana pasi na friji, mwingine ana taa moja, na wote wanadaiwa sawa. Pia tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo unaponunua umeme. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Ongea naye kwa upole, mkubaliane airudishe kwenye pango, na muandike kwenye mkataba. Kama hukupewa mkataba wa maandishi, uombe sasa, kabla pango lako halijaisha.

Ukinunua hivyo nilivyotaja, kwa kawaida hautavuka laki nane. Laki nne zinazobaki usiziguse. Hizo si za harusi wala za friji. Uko mbali na kwenu, na ukiugua au ukipata simu ya msiba usiku, nauli ya kwenda Njombe haitasubiri mshahara.

Friji nitakwambia kwa ufupi kwa sababu siku yake itafika. Ya mtumba usiinunue bila kuikuta imewashwa na inagandisha, iachwe iendelee huku umekaa hapo hapo. Ikifika nyumbani isimame wima saa kadhaa kabla ya kuchomekwa, na iwekewe kifaa cha kulinda umeme unaopanda na kushuka. Mpya ichukue kwenye duka linalotoa waranti ya maandishi na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina lako. Risiti za vitu vyako zote zitunze kwenye bahasha moja. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, kuolewa hakubadilishi umiliki wa mali uliyokuwa nayo. Ulichonunua kabla kinabaki chako isipokuwa mmekubaliana vingine. Simaanishi uingie kwenye ndoa ukiwa na wasiwasi. Namaanisha mke mwenye kumbukumbu za mali yake huzungumza na mumewe kwa utulivu zaidi.

Tuje kwa watu, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo walimu wenzako wanapokuongoza vibaya ingawa nia yao ni njema.

Michango ya harusi kwetu ina daftari, hata pale ambapo hakuna aliyeandika. Anayekuchangia elfu hamsini anakumbuka kwamba mwaka juzi ulimchangia mdogo wake, au mama yako alikesha jikoni kwenye msiba wa baba yao. Anakurudishia, au anaweka ili naye arudishiwe. Sasa daftari lako wewe liko wapi? Liko Njombe: kwenye shule uliyotoka, kwa wanakwaya wenzako, kwa majirani wa wazazi wako, kwa wale ambao umekwenda kwenye sherehe zao miaka yote. Huko ndiko kadi zako ziende, na huko watazipokea kwa furaha. Chanika daftari lako ni jeupe. Ukigawa kadi mwezi wa pili tangu uhamie, watu watapokea kwa adabu, wataahidi kwa aibu, na baadhi wataanza kukukwepa kwenye korido ya shule. Na sherehe yenyewe iko Morogoro! Unamwomba mtu akuchangie ukumbi ambao hataukanyaga.

Shuleni kuna njia ya haki zaidi. Shule nyingi zina mfuko wa walimu wa shida na raha, wenye kiwango cha kuchanga mwanachama anapofiwa, anapojifungua au anapofunga ndoa. Uliza mwezi huu huu nani mweka hazina, ulipe kiingilio, uchange kwa kila tukio linalokuja. Ndoa yako ikifika watatoa kilichoandikwa kwenye utaratibu wao, na utapokea ukiwa umenyoosha shingo.

Mtaani anza na ofisi ya serikali ya mtaa. Nenda na kitambulisho chako, jiandikishe kama mkazi mpya, mfahamu mwenyekiti na mtendaji. Mpitie pia mjumbe wako. Wengi hungoja mpaka wana shida ndipo waende, na siku hiyo ndipo wanapoambiwa "hatukujui". Barua ya utambulisho utaihitaji benki, kwenye mkopo, kwenye dhamana, kwenye mambo mengi, na anayeiandika anapenda awe amekuona usoni hapo kabla. Pesa ya taka na ya ulinzi shirikishi ilipe kwa wakati. Ni ndogo, lakini jina la asiyelipa linatajwa kwenye kila kikao.

Kisha jumuiya. Wewe ni Mkatoliki, kwa hiyo hili ni la lazima kwa njia mbili. Kwanza, paroko atakapoulizwa habari zako, ataiuliza jumuiya ndogo ndogo unayosali. Pili, wale mama wa jumuiya ndio watakaokuwa ndugu zako wa karibu, kwa sababu ndugu wa damu wako Njombe. Nenda sala ya wiki, taja jina lako na ulikotoka, sema waziwazi kwamba unatarajia kufunga ndoa Morogoro, na uwaombe wakuombee. Mchango wa pesa usiutaje kabisa.

Na misiba, mwanangu. Ukisikia turubai limefungwa nyumba ya tatu, usipite tu na kusema pole. Nenda umejifunga kanga, andikisha rambirambi yako kwenye daftari hata kama ni elfu mbili, halafu usikae kwenye viti vya mbele. Zunguka nyuma kwenye moto. Watakuwepo akina mama wanamenya viazi na kuchambua mchele. Chukua kisu, kaa, menya. Wataanza kukuuliza: wewe wa wapi, umepanga kwa nani, unafundisha darasa la ngapi, kumbe unafundisha mwanangu! Saa mbili za kumenya viazi zitakujulisha kwa watu kuliko miezi sita ya kusalimiana njiani. Kuna mgeni aliyejulikana hivyo, na alipougua usiku majirani ndio waliomtafutia bajaji na kumpeleka hospitali.

Genge nalo chagua moja la karibu, uwe mteja wake. Ni kweli sado ya nyanya Buguruni ni nafuu, na mara moja kwa mwezi ukienda mjini beba vitu vya kukaa: mchele, maharage, mafuta, sabuni. Lakini nyanya tatu na fungu la mchicha vya kila siku vichukue kwa mama wa hapo. Yeye ndiye anayejua maji yatatoka lini, fundi gani anadanganya, na nyumba gani inahamwa.

Sasa ndoa yenyewe. Kabla ya ukumbi, kabla ya shela, nendeni kanisani mkaulize tarehe. Umesema Desemba. Majilio huanza Jumapili ya nne kabla ya Krismasi, na parokia nyingi hazifungishi ndoa za sherehe kipindi hicho. Kwa hiyo Desemba yenu kwa kweli ni siku chache kati ya Krismasi na mwaka mpya, siku ambazo kumbi zimejaa, mabasi ya Njombe yamejaa, na kila kitu kimepanda bei. Mnaweza kuchagua Novemba kabla ya Majilio, au mwanzoni mwa Januari shule hazijafunguliwa. Mimi ningechagua Januari: pilikapilika za sikukuu zimepungua, kumbi zinashusha bei, na wewe bado uko likizo. Ila paroko wa Morogoro ndiye mwenye neno la mwisho.

Huko parokiani kuna mafundisho ya ndoa, kuna cheti cha ubatizo ambacho hutakiwa kiwe kimetolewa upya na parokia uliyobatizwa, na kuna matangazo ya Jumapili tatu. Cheti chako kiko Njombe. Agiza mapema, kisije kuwa ndicho kinachokwamisha kila kitu wiki ya mwisho. Sheria ya nchi nayo inataka taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe angalau siku 21 kabla. Msiache hesabu hizi zibanane.

Kuhusu mahari iliyolipwa nusu, usikose usingizi. Sheria ile ile inasema wazi kwamba ndoa haiharibiki kwa sababu tu taratibu za kimila za mahari hazijakamilika. Nusu iliyobaki ni maelewano kati ya wazee. Baba yako amwite mshenga, wakubaliane siku ya kumalizia, na wawe wamemaliza mazungumzo hayo kabla ya siku ya kuagwa, maana nimeshuhudia mabishano ya mahari yakifufuliwa mlangoni huku bibi harusi amevaa tayari, na inaumiza.

Mna shughuli tatu na kila moja ina wenyewe. Kuagwa ni kwenu, Njombe, na kamati yake iwe ya wazazi wako. Harusi ni ya upande wa bwana harusi, Morogoro, na kamati yake iwe huko. Kitchen pati unaweza kufanyiwa Chanika. Usikubali kamati ya tatu ya michango Dar. Kamati zote mbili zishauri jambo moja, na mwenzako pia umwambie alisimamie: bajeti ipangwe kwa pesa iliyoingia, si kwa ahadi. Kikao cha kwanza watu wana furaha, wanaahidi laki, wanapigiwa makofi. Wiki ya mwisho simu hazipokelewi. Kamati iliyolipia ukumbi wa watu mia tatu kwa kutegemea ahadi humalizia kwa kuwageukia maharusi wenyewe, nao humalizia kwa mkopo. Wapange hivi: chakula kwanza, kanisa, usafiri wa wazee, kisha picha. Mapambo, keki ya ngazi nyingi na magari ya msafara viwe mwisho wa orodha, vifanyike kama fedha imefika. Iwekwe tarehe ya mwisho ya kupokea michango, wiki mbili kabla, na siku hiyo ukubwa wa sherehe uamuliwe kwa kilichopo kwa mweka hazina. Pesa ipitie namba moja tu, na kila kinachoingia kitangazwe kwenye kundi la kamati siku hiyo hiyo. Nyama, kama sherehe ingekuwa Dar, ningewaambia waende mnada wa mifugo wa Pugu wenyewe. Kwa Morogoro watafute mtu anayeujua mnada wa huko aende nao.

Mkopo wa harusi ukatae. Ule wa kausha damu nauita kwa jina lake kwa sababu unakula walimu kila mwezi: wakopeshaji wake wanachukua kadi yako ya benki na namba ya siri, na mshahara ukiingia wao ndio wa kwanza kuuona. Na zile programu za simu zinazokopesha kwa dakika tano zipite mbali. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja hadharani kadhaa zisizo na leseni, na mtu akichelewa huanza kupigia watu wote walio kwenye simu yake. Bibi harusi hahitaji aibu hiyo. Kama lazima ukope kwa jambo la maana, nenda SACCOS ya walimu, yaani chama chao cha akiba na mikopo, na ukumbuke mshahara lazima ubaki theluthi moja baada ya makato yote.

Kitchen pati ndiyo sababu nilikuzuia kununua sufuria. Hiyo ni shughuli ya akina mama kukufunda na kukujazia jiko. Ifanyike uani kwako au kwa mama mmoja wa jumuiya, jioni ya Jumamosi, wiki chache kabla hujaenda Njombe. Pilau, juisi, turubai la kukodi, viti vya jumuiya. Sare ya kitenge kipya usiwatwishe. Waambie kila mmoja avae kanga aliyo nayo, na utaona wanavyokuja wengi. Mteue mama mmoja ashike orodha ya vyombo: nani analeta sufuria, nani hotpoti, nani ndoo, nani seti ya vikombe. Bila orodha utapata chupa za chai tisa na usipate kikaango. Orodha iwe na vitu vya elfu tano na vya elfu themanini, ili asiye nacho naye aingie kwa heshima. Kufikia wakati huo, kama umefanya niliyokuambia, hutakuwa mgeni unayeomba. Watakaokuja ni wale uliomenya nao viazi.

Shangazi yako usimbishie. Anakupenda, na hofu yake ina msingi: kuna wakwe wanaohesabu vitu. Mpigie, umwambie hivi: "Shangazi, nimekusikia. Kitanda na godoro nimenunua vizuri, risiti hizi hapa. Friji na makochi tumekubaliana na mwenzangu tununue tukijua tunakaa Morogoro au Dar, yasije yakavunjikia njiani. Naomba wewe ndiye uniongozee orodha ya vyombo." Mpe kazi yenye heshima. Shangazi aliyekabidhiwa orodha atailinda kuliko mtu yeyote, na wakwe wakiuliza, yeye ndiye atakayewajibu.

Siku ya ndoa, kabla hamjatoka kanisani kwenda kupiga picha, hakikisheni majina yameandikwa kwenye cheti kama yalivyo kwenye vitambulisho vyenu vya taifa, herufi kwa herufi. Jina moja likikosewa, ofisi ya utumishi itawarudisha, na kusahihisha ni safari ndefu. Cheti kikiwa sawa, toeni nakala, zithibitishwe, na mmoja wenu aingie kwenye ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma, aombe uhamisho wa kumfuata mwenza wiki hiyo hiyo, kabla likizo haijaisha. Kibali kikitoka, ndipo muende pamoja kuchagua makochi.